Je, mkazi wa Tabora anaweza kuagiza mwili wake ugeuzwe mboji?

«Mimi ni mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 71. Naishi pembezoni mwa mji wa Tabora, ambako nina shamba la ekari tatu, kisima, mizinga ya nyuki na lundo la mboji ninalolihudumia kwa mikono yangu. Nimesikia kwamba Marekani wapo watu wanaoacha maagizo kuwa wakifa wasizikwe wala wasichomwe, bali miili yao igeuzwe mboji na kurudishwa msituni. Wazo hilo limenikaa moyoni, kwa sababu nimechoka kuona mininga ikikatwa kwa ajili ya majeneza na makaburi yakifunikwa kwa zege na vigae. Nilipowaeleza wanangu, binti yangu mkubwa alilia, na mdogo wake akasema huko ni kutupwa jalalani. Jirani mmoja anadai kuchomwa ndiko safi zaidi. Mwingine anasema kaburi lolote shambani litaharibu maji ya kisima. Naomba kuelezwa kitaalamu. Jambo hili ni la kweli na ni salama? Nikiagiza wanangu wanilaze ndani ya lundo langu la mboji, au wanizike bila jeneza chini ya miti, nitakuwa nimekosea?»

Shikamoo, mwalimu.

Nitaanza na jibu lenyewe, kisha nieleze sababu. Jambo ulilosikia ni la kweli, linafanyika kwa sheria, na likifanywa kwa vifaa vyake ni salama. Kulazwa ndani ya lundo lako la mboji ni hapana, na hapana hiyo haina mlango wa nyuma. Kuzikwa bila jeneza chini ya miti kunawezekana na, kwa maoni yangu, kunakupa karibu kila unachokitafuta, ila mahali pa kaburi panahitaji kuchaguliwa kwa makini zaidi kuliko ulivyofikiri, hasa kwa sababu ya hicho kisima.

Njia ya Marekani ilianza kama wazo la mwanafunzi wa usanifu majengo, Katrina Spade, aliyejifunza kwamba wafugaji wa huko hugeuza mizoga ya ng'ombe kuwa mboji kwa kuifukia ndani ya vibanzi vya mbao, akajiuliza kwa nini binadamu asipate njia hiyo kwa heshima inayomstahili. Majaribio yalifanyika katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington mwaka 2018, kwa miili ya watu sita walioitoa wenyewe kabla ya kufa. Jimbo la Washington lilipitisha sheria mwaka 2019, ikaanza kutumika Mei 2020, na kituo cha kwanza, Recompose, kikapokea miili ya kwanza Desemba mwaka huo karibu na mji wa Seattle. Colorado na Oregon zilifuata mwaka 2021, kisha Vermont, California na New York mwaka 2022, na majimbo mengine yameongezeka tangu hapo. Gharama yake ni takriban dola 7,000 za Marekani.

Wewe unayehudumia lundo lako utaielewa kazi yenyewe haraka kuliko wasomaji wengi. Mwili hulazwa ndani ya chombo kikubwa cha chuma kinachofungwa, juu ya vibanzi vya mbao, nyasi kavu na majani ya lusini, kisha hufunikwa kwa mchanganyiko huohuo. Mimea hiyo haiwekwi kwa ajili ya kuficha kinachoendelea. Mwili wa binadamu una maji mengi, na mtu wa kilo 70 ana karibu kilo mbili za naitrojeni, ilhali bakteria wanaoozesha hufanya kazi vizuri pale wanapopata takriban sehemu 30 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni. Bila kaboni ya kutosha, naitrojeni hutoka kama amonia na ndipo harufu mbaya inapoanza. Bila hewa, bakteria wa aina nyingine hushika kazi, na hao hutoa methani na gesi zenye salfa. Kwa hiyo hewa hupulizwa ndani ya chombo muda wote, unyevu hupimwa, na chombo huzungushwa mara kwa mara ili mchanganyiko usigande upande mmoja.

Joto halitoki kwenye moto wala umeme. Linatoka kwa bakteria wenyewe wanapokula. Sheria ya Washington inataka lifikie angalau nyuzi 55 za Selsiasi kwa saa 72 mfululizo, kwa kuwa kiwango hicho huua vimelea vingi vya magonjwa. Baada ya wiki tano hadi saba tishu laini zimekwisha. Mifupa, ambayo huchelewa, hutolewa na kusagwa kisha hurudishwa. Vyuma vya mwilini, kama nyonga bandia au skrubu, huondolewa. Mboji hupumzishwa wiki kadhaa zaidi hadi ipoe na kutulia. Kinachopatikana ni karibu robo tatu ya mita moja ya ujazo, na familia inaweza kuichukua yote, sehemu yake, au kuitoa kwa ajili ya kufufua misitu. Sehemu kubwa ya ujazo huo ilikuwa mimea tangu mwanzo; anayefikiri kwamba mtu mzima ametoa gari la udongo peke yake anakosea.

Mwanao aliyesema ni kutupwa jalalani ana haki ya kushtuka, lakini hajaelezwa vizuri. Kila mwili huwa ndani ya chombo chake peke yake. Sheria ya Colorado, kwa mfano, inakataza kuchanganya mabaki ya watu bila ridhaa, inakataza kuuza udongo huo, na inakataza kuutumia kukuzia chakula cha watu. Ndugu wanaweza kuaga, kusali na kuweka maua kama katika mazishi mengine. Yapo pia mapingamizi ya kidini ambayo si ya kupuuzwa: maaskofu Wakatoliki wa Marekani walitoa tamko Machi 2023 kwamba njia hii haiupi mwili heshima ya kutosha, ingawa Kanisa hilo limeruhusu kuchoma tangu mwaka 1963, na kwa Waislamu mwili huzikwa, basi. Hayo uyazungumze na kiongozi wako wa dini. Mimi nabaki kwenye udongo.

Sasa lundo lako. Najua lina joto, pengine ukiingiza mkono katikati asubuhi unautoa haraka. Lakini lundo la shambani huwa na joto katikati na ubaridi pembeni, na vimelea vilivyo pembeni havifi. Mvua zenu za Novemba hadi Aprili hulowesha lundo hadi hewa inakosa njia, na maji yanayochuruzika chini yake huenda kisimani au kwa jirani. Mbwa na fisi wananusa mbali kuliko tunavyodhani. Tena vipo vimelea ambavyo hata nyuzi 55 haziviui: mbegu za kimeta ni mfano ambao wafugaji wa mkoa wenu hawahitaji kuelezwa. Ndiyo maana hata vituo vya Marekani, pamoja na vipimo vyao vyote, hukataa miili ya watu waliokufa kwa Ebola au kwa magonjwa ya ubongo yanayoletwa na prioni, yaani protini zilizoharibika umbo, na kifua kikuu nacho kimo katika orodha yao. Zaidi ya hayo, Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inaona kuivunjia maiti heshima kuwa ni kosa, na sheria zetu hazina kifungu kinachoruhusu kazi hii wala kituo cha kuifanya. Ukiwaachia wanao agizo hilo, utakuwa umewaachia kesi siku ya msiba. Na kusafirisha mwili kwa ndege hadi Seattle kwa ajili ya kuokoa mazingira ni hesabu inayojikataa yenyewe.

Jirani anayesifu moto naye anahitaji kusahihishwa, japo si kwa yote. Moto huua vimelea na hautumii ardhi kubwa, na kwa Wahindu ni ibada yenye mizizi mirefu. Lakini tanuri la kuchomea hufikia nyuzi 800 na zaidi kwa saa moja na nusu hadi mbili, na likitumia gesi hutoa kilo 200 na ushei za kaboni dioksidi kwa mwili mmoja, pamoja na zebaki kutoka kwenye meno yaliyozibwa kwa madini hayo. Ukichoma kwa kuni, unahitaji kilo mia kadhaa za kuni kwa mwili mmoja, katika mkoa ambao ukaushaji wa tumbaku umekwisha kuula msitu wa miombo kwa miaka mingi. Majivu nayo hayarutubishi kama watu wanavyodhani, maana naitrojeni yote imekwenda na moshi, na yaliyobaki ni fosfati ya kalsiamu na chumvi ambazo zikirundikwa pamoja hudhuru mche. Iko njia ya tatu, ya kuuyeyusha mwili kwa maji ya moto yenye kemikali ya alkali, ambayo Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Afrika Kusini aliichagua kabla ya kufariki Desemba 2021. Haitumii moto, lakini inahitaji mtambo ambao kwako haupo.

Tufike kaburini, kwa kuwa hapa ndipo penye faida kwako. Watu wengi huamini kwamba kuzika kwa asili yake ni kuchafua, na hilo si kweli. Kaburi ni udongo unaofanya kazi ileile ya chombo cha Seattle, ila polepole na bila kupimwa. Kinachoharibu ni vitu vitatu tunavyoviongeza, na wewe umevitaja viwili. Mninga huchukua miongo kadhaa kufikia unene wa kupasuliwa mbao, kisha unafukiwa kwa mchana mmoja. Saruji tunaiona kama jambo dogo, lakini mifuko mitano ya kilo 50 kwa ajili ya kujengea kaburi hutokana na uzalishaji uliotoa kiasi cha kilo 150 hadi 200 za kaboni dioksidi, yaani inakaribia kabisa ile ya kuchoma mwili kwa gesi. Wengi wetu tunaosema «hatuchomi» tumekwisha kuchoma huko kiwandani. Kitu cha tatu, ambacho hukukitaja, ni formalini inayodungwa mwilini ili kuuhifadhi. Dawa hii huzifunga protini ili bakteria wasiweze kuzila, kwa hiyo inazuia jambo lenyewe unalolitaka, na Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka katika orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu. Anayeumia kwanza ni mhudumu wa chumba cha maiti. Chumba cha baridi kinatosha kwa siku za kuwasubiri ndugu wanaotoka mbali.

Angalia basi jinsi majirani zako Waislamu, wa Tabora hapo na wa Ujiji kule ziwani, wanavyozika siku zote: mwili unaoshwa, unavikwa sanda ya pamba, unawekwa mwanandani, na mazishi hayacheleweshwi. Jeneza la kubebea linarudi msikitini. Hakuna kituo cha Marekani kinachoweza kuwafundisha watu hao jambo kubwa kuhusu mazingira. Uingereza walianza kurudia makaburi ya porini ya namna hiyo mwaka 1993, na Marekani mwaka 1998, wakayaona kuwa jambo jipya. Kama dini yako au familia yako inahitaji jeneza, tumia mbao za miti ya kupandwa, msindano au mkaratusi, bila rangi, bila vanishi na bila vishikio vya chuma. Au mkeka wa ukindu juu ya ubao wa kubebea.

Kina nacho kina maana. Viumbe wengi wanaoozesha, pamoja na mizizi na hewa, wako katika udongo wa juu, na kadiri unavyochimba ndivyo kazi inavyopungua kasi. Kaburi la mita mbili huhifadhi kuliko linavyorudisha. Lakini kaburi fupi mno huwaita fisi, kwa hiyo kwa mazingira yenu ningekaa kati ya mita moja na robo na mita moja na nusu, nikarudishia udongo wote na kuacha tuta juu yake, kwa kuwa ardhi itashuka baada ya mvua za kwanza, kisha nikaweka matawi ya miiba kwa msimu mmoja.

Nakuja kwenye kisima, ambako jirani yako wa pili amesema jambo lenye ukweli ndani yake na hofu iliyozidi. Mwili wa mtu aliyekufa kwa uzee, moyo au kisukari si sumu, na vimelea vingi hufa mapema baada ya mwenye mwili kufa. Choo cha shimo kilicho karibu na kisima ni hatari kubwa kuliko kaburi moja, maana kaburi hupokea mara moja ilhali choo hupokea kila siku. Hata hivyo maji ya mwili, chumvi zake na ile naitrojeni hushuka, na naitrojeni ikiwa nitrati husafiri na maji ya ardhini kwa urahisi, hasa katika udongo wa kichanga kama wa sehemu kubwa ya Tabora. Ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 1998 kuhusu makaburi, ilishauri umbali wa mita 250 kutoka kisima au chemchemi ya maji ya kunywa, mita 30 kutoka kijito au chemchemi nyingine, na angalau mita moja ya udongo mkavu kati ya sakafu ya kaburi na kimo cha juu kabisa cha maji ya ardhini.

Piga hesabu, mwalimu. Ekari tatu ni kama mita za mraba 12,000. Zikiwa mraba, kila upande una mita 110, na kutoka kona hadi kona hazifiki 160. Kama kisima kimo ndani ya shamba hilo, hakuna mahali popote humo panapotimiza mita 250. Ushauri ule uliandikwa hasa kwa ajili ya maeneo ya makaburi mengi, na kaburi moja ni mzigo mdogo sana, kwa hiyo sisemi kwamba umekatazwa. Nasema kwamba hapo si pa kuamua kwa macho. Kama ukoo una ardhi nyingine mwinuko, mbali na visima, au kijiji kina eneo la makaburi lenye miti, ningelichagua hilo bila kusitasita. Usikubali kuzikwa kwenye mbuga, yaani bonde la udongo mweusi, hata kama ndipo penye kivuli: udongo ule mweusi hujaa maji masika, hewa hukosekana kabisa, na mafuta ya mwili hugeuka aina ya sabuni ngumu inayoweza kukaa miaka mingi bila kuoza.

Kuhusu miti, mzinga wako utakuongoza vizuri. Usipande mche katikati ya kaburi jipya, kwani udongo utashuka na mizizi itaning'inia. Subiri msimu mmoja upite, upande pembeni. Mitundu na miti mingine ya miombo hushirikiana na kuvu wa mizizini ambao wako tayari katika udongo wa msitu wenu, na mara nyingi huchipua upya kutoka kwenye visiki na mizizi ya zamani. Kuyalinda machipukizi hayo dhidi ya moto wa kiangazi na ng'ombe hufaa nyuki kuliko kuleta miche ya mapambo kutoka bustani za mjini.

Je, unapoteza nini kwa kukosa njia ya Marekani? Unapoteza uhakika wa joto linalopimwa, na unapoteza udongo ambao wanao wangeweza kuubeba na kuusambaza. Mwili wako utachukua miaka badala ya miezi, na mifupa itadumu zaidi. Kwa mji ambao ardhi ya makaburi imekwisha, tofauti hiyo ni kubwa, na sitashangaa siku moja Dar es Salaam ikilazimika kuijadili. Kwa mtu mwenye ardhi Tabora, naiona ndogo.

Lililobaki ni la wanao, na hapo utaalamu wangu unafika ukingoni, ila naomba usilidharau. Matakwa ya marehemu kuhusu mwili wake hayana nguvu ambayo watu huifikiria. Nchini Kenya, mjane wa wakili S. M. Otieno alishindana mahakamani na ukoo wa mumewe, akisema marehemu alitaka kuzikwa kwingine. Mwaka 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo haki ya kumzika Nyalgunga, kijijini kwao, mwili ukiwa umekaa chumba cha maiti kwa takriban miezi mitano. Kwa hiyo karatasi peke yake haitoshi. Mwite binti yako aliyelia, mweleze kwamba unachoomba ni sanda, kaburi la udongo na mti, pengine atagundua kwamba ni mazishi ya bibi yake. Kisha andika, mbele ya mashahidi na kiongozi wako wa dini: mwili usidungwe formalini, aina ya jeneza au kutokuwa na jeneza, mahali, kina, na kwamba kaburi lisijengewe. Nakala moja abaki nayo mtoto utakayemteua kusimamia.

Kabla ya kuandika mahali, mwombe Afisa Afya wa kata na wataalamu wa maji, ama wa RUWASA (wakala wa maji vijijini) ama wa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, wafike shambani wapime kina cha maji ya kisima mwishoni mwa masika, wakati yamepanda, na waangalie mteremko unaelekea wapi. Uulize pia uongozi wa kijiji au mtaa kama kuzika nyumbani kunaruhusiwa katika eneo lako, kwa kuwa maeneo mengi yaliyopimwa ya mji hayaruhusu. Na waelekeze wanao jambo moja lisilo na mjadala: ikitokea umefariki wakati wa mlipuko wa kipindupindu, Marburg au Ebola, au kwa ugonjwa ambao hospitali imesema ni wa kuambukiza, maagizo yako yote yawekwe kando, wasiuoshe mwili wenyewe, na maofisa wa afya ndio watakaozika kwa utaratibu wao.